Shanga Zilizovunja Miji: Akina Mayo na Njia ya Msafara

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, mji tunaouita leo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Walikuwa njiani tangu Juni. Homa ilikuwa imewadhoofisha na mali yao ilikuwa imepungua sana kabla hata hawajaliona ziwa walilolifuata. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir, aliwapa nyumba, akampa Burton na maarifa mengi ya biashara ya bara. Maarifa hayo Burton aliyachapisha London mwaka 1860, na ndani yake kuna kurasa ambazo watu wengi huzipita haraka ili wafike kwenye mito na maziwa. Ni kurasa za shanga.

Kwa hesabu yake, biashara hiyo ilikuwa na aina za shanga zipatazo 400. Kila aina ilikuwa na jina, bei na nchi yake. Iliyokuwa juu ya zote ni samesame, punje ndogo ya kioo, nyekundu kwa nje na nyeupe moyoni, iliyotengenezwa Venice na kufika Unguja kwa meli. Wapagazi na wachuuzi waliipachika majina ya utani. Moja lilisema kwamba mwanamume yuko radhi kuacha chakula chake cha jioni ili aipate. Jingine liliiita kivunja mji, kwa sababu wanawake waliitaka kiasi cha kuwafilisi waume zao.

Jina hilo la pili lilitungwa kwa mzaha wa kiume, lakini limebeba ushahidi mkubwa. Historia ya njia ya msafara tumeipokea kwa majina ya wanaume: Mirambo, Isike, Tippu Tip, Livingstone, Stanley. Mtoto wa shule wa huku kwetu Igunga, au wa Nzega, anaweza kukutajia vita vya Mirambo na Waarabu bila kusita. Muulize nani aliamua ni mzigo gani ubebwe kutoka Bagamoyo, naye atakujibu kwamba ni Mwarabu, au Mhindi wa Unguja, au Mzungu. Mimi nasema walioamua ni akina mama wa Unyamwezi, Ugogo na Ujiji, kwa kukubali rangi hii na kuikataa ile.

Stanley alilijua hilo kabla hajavuka bahari kutoka Unguja mwaka 1871. Alipokuwa akijiandaa kumtafuta Livingstone, kazi iliyomtoa jasho kuliko kununua bunduki ilikuwa kuchagua shanga. Ilimbidi aulize ni nchi gani inapokea ipi, kwa sababu nyeusi zilizoitwa bubu zilipita Ugogo lakini zilikuwa takataka mahali pengine, na kule Ujiji watu walitaka sofi. Hatimaye alinunua aina 11 na kuzifunga kwenye magunia 22. Mwenyewe aliandika kwamba shanga zilisimama mahali pa sarafu ya shaba, nguo mahali pa fedha, na waya wa shaba, kwa nchi za ng'ambo ya Tanganyika, mahali pa dhahabu. Aliyekosea rangi alikuwa amewabebesha watu mawe miezi mitatu. Burton mwenyewe alijikuta na shanga nyeusi ambazo hakuna aliyezitaka.

Miaka michache baadaye, mwaka 1874, Verney Lovett Cameron alifika Ujiji akakuta soko linaendeshwa kwa hizo sofi, vipande vinavyofanana na mirija iliyovunjika ya kiko. Asubuhi watu walibadilisha mali yao kupata sofi wapate kuingia sokoni, na jioni wenye kubadili fedha walizirudisha kwao. Kwa lugha ya leo, palikuwa na maduka ya kubadilishia fedha, na fedha yenyewe ilikuwa pambo la shingoni.

Igunga haikuwa kituo kikubwa kwenye njia hiyo. Msafara wa kutoka pwani ulipita Ugogo, ukavuka pori la Mgunda Mkali, ukafika Tura, Rubuga na hatimaye Unyanyembe, ndiko Kazeh, kusini mwa hapa. Lakini nchi hii ya mbuga, kati ya Wembere na mto Manonga, ilikuwa mlango wa kwenda Usukuma na ziwani. Stanley, katika safari yake ya pili, aliukata uwanda wa Wembere mapema mwaka 1875 akitokea Iramba, na tarehe 27 Februari alikuwa Kagehyi, kando ya ziwa. Wanyamwezi na Wasukuma waliijua njia hiyo kabla ya Mzungu yeyote kuiona. Mashariki waliko Wataturu na Wanyiramba, kaskazini waliko Wasukuma, watu walibadilishana ng'ombe, chumvi, majembe na nafaka. Shanga na waya vilivyoshushwa Unyanyembe havikukaa Unyanyembe. Vilipanda huku, mkono kwa mkono.

Ushahidi bora wa jinsi mapambo yalivyovaliwa huku kaskazini ameuacha Speke. Julai 1858, Burton akiwa mgonjwa Kazeh, Speke aliondoka na watu wachache kwenda kulitafuta ziwa la kaskazini. Njiani alifika Unyambewa, nchi iliyotawaliwa na mwanamke aliyeitwa Ungugu. Alikuwa bibi mfupi, mnene, wa miaka kama 60, mwenye uso wa kucheka na nguvu nyingi. Speke anaeleza mavazi yake kwa dharau, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati wake, kwani mtemi alikuwa amejifunga nguo kuukuu aliyopewa na Mwarabu. Lakini akifika kwenye mapambo, kalamu inabadilika. Viungo vya vidole vyote vilikuwa vimezungushiwa waya mwembamba wa shaba nyekundu. Miguu ilielemewa na bangili nyingi nyingi za waya wa shaba uliosokotwa juu ya nywele za mkia wa tembo au pundamilia. Mikononi kulikuwa na pete nene za shaba, na kwenye bangili nyembamba zilining'inia hirizi za mti, shaba, pembe na meno ya tembo, zilizochongwa kila umbo.

Kisha Ungugu akaketi karibu na mgeni na kumshika mkono. Akavipapasa viatu vyake, akapanda hadi suruali, akafika kwenye kizibao na kukaa sana kwenye vifungo. Koti lilimpendeza akaliomba. Akavishika vidole vya Speke, akasema ni laini kama vya mtoto, na nywele zake akazifananisha na manyoya ya simba. Mimi nikisoma hapo namwona mama anayejua vitu. Alikuwa akipima kazi ya mikono ya watu wengine kama ambavyo yeyote aliyevaa kilo kadhaa za shaba angepima. Vifungo vya Ulaya vilikuwa mbele yake bidhaa mpya, naye ndiye soko.

Bangili zile za mguuni ziliitwa sambo, na kazi yake inafaa kuelezwa polepole. Fundi alianza na fimbo ya shaba, akaipasha moto na kuigonga mpaka ikawa nyembamba. Ncha yake aliipitisha kwenye tundu la kipande cha chuma, akaibana na kuivuta kwa nguvu za mwili mzima. Ikitoka hapo inapitishwa tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, mpaka waya unakuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Uzi huo wa shaba ndio uliozungushwa juu ya kifungu cha nywele za mkia wa mnyama, duara juu ya duara bila nafasi, na miisho ikafungwa. Sambo moja ni nyepesi na inapinda bila kuvunjika. Mwanamke alivaa nyingi pamoja, na akitembea zilisikika kabla hajaonekana.

Vitindi vilikuwa kitu kingine. Hizo ni koili za waya mnene zilizopanda kutoka kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, na Burton anasema zilitengenezwa Unguja kwa waya ulioletwa na meli. Mwanamke aliyevaa vitindi vya mikono miwili hakuweza kujificha. Palikuwa pia na vibangwa, visahani vyeupe vilivyokatwa kwenye ganda la konokono wa Bahari ya Hindi, lakini hivyo vilifuatana zaidi na heshima ya utemi. Na palikuwa na simbi, ambazo mpaka leo hazikosekani kwa waganga na kwa Waswezi, watu wa ngoma za pepo.

Nani alivileta? Mpagazi. Wanyamwezi waliondoka kwa msimu baada ya mavuno, mwezi wa tano au wa sita, wakajitahidi warudi kabla ya mvua za Novemba ili wawahi kulima. Ujira wao ulilipwa kwa nguo, shanga na waya, na kijana ambaye hakuwahi kufika pwani alihesabiwa bado mtoto. Aliporudi, kilichokuwa kwenye mzigo wake binafsi kilikwenda kwa wakwe, kwa mke, kwa dada, na kwa mayo, mama yake mzazi. Wala wanawake hawakubaki nyumbani wote wakisubiri. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba wanawake wengi walisafiri na misafara, wakibeba vyungu na chakula, wakipika kambini, na wengine wakichuuza kwa faida yao wenyewe. Kwa hiyo wapo waliojichagulia shanga Bagamoyo kwa macho yao.

Zawadi ya mpagazi kwa mayo haikutupwa tu mkononi. Salamu ilitangulia. Asubuhi mtoto alisema mwangaluka, mayo, na mchana ukishageuka akasema mwadila, mayo. Baada ya hapo hufuata maswali ya afya, ya mji, ya ng'ombe, ya mvua, na kila jibu lina mhola ndani yake, yaani amani. Binti hupiga goti. Speke alieleza jinsi wanawake wawili wasiolingana cheo walivyosalimiana: mdogo huanguka goti moja na kuinamisha kichwa, mkubwa humwekea mkono wa kuume begani, wakanong'onezana maneno kwa muda mfupi, kisha husimama na kuzungumza kama kawaida. Huo mkono begani naujali kuliko shanga. Mkubwa naye ana wajibu katika salamu ya huku, na mama anayesalimiwa humpa mtoto kitu kabla ya kupokea chochote.

Shaba yenyewe nayo ina safari yake. Kabla waya wa Ulaya haujafurika, shaba nyekundu ilitoka Katanga, mwendo wa miezi kuvuka Ziwa Tanganyika. Kalasa, mfanyabiashara wa Usumbwa, alikuwa akiifuata huko, na mwanawe Msiri akabaki moja kwa moja, akajenga dola yenye makao makuu Bunkeya. Watu wake waliitwa Wayeke, na pamoja na bunduki waliingiza Katanga ufundi huu huu wa kuvuta waya mwembamba. Hivyo bangili za waya za Wayeke, zinazojulikana huko kama mitaga, ni ndugu wa damu wa sambo za Unyamwezi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na maofisa wa msafara wa William Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msafara huo ulipita Tabora mwaka huo huo, na daktari wake, aliyeandika kitabu cha safari hiyo, alikuwa Joseph Moloney, mzaliwa wa Ireland.

Namtaja Moloney kwa sababu nchi aliyotoka ina desturi ambayo Mnyamwezi angeielewa bila mkalimani. Ireland humwadhimisha mama Jumapili ya nne ya Kwaresima. Wapo wanaomsalimia siku hiyo kwa Kiairishi, lugha iliyopigwa vita na kudidimia karne zile zile ambazo Ireland ilitawaliwa na Uingereza, na ambayo sasa inafundishwa shuleni kote nchini humo. Katika salamu yao ya kila siku, mmoja humtakia mwenzake Mungu awe naye, na anayejibu lazima aongeze, amtaje Mungu pamoja na Mariamu. Hairuhusiwi kurudisha kidogo kuliko ulichopewa. Na pambo lao la kurithishana ni pete ya Claddagh, iliyopewa jina la kijiji cha wavuvi kando ya mji wa Galway: mikono miwili imeushika moyo, na juu ya moyo kuna taji. Mama humpa binti, binti akampa wake. Watu wa Ireland wenyewe wamefika karibu nasi kwa heri zaidi ya ile ya Moloney. Ng'ambo ya Wembere, mkoani Singida, Hospitali ya Makiungu ilianzishwa katika miaka ya 1950 na masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoanzishwa na Mwairishi, Mama Mary Martin, mwaka 1937 kwa shabaha ya kuwahudumia akina mama na watoto.

Biashara ya msafara haikufa siku moja. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani. Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo hapakuwa tena na sababu ya kumbebesha mtu shanga kutoka Bagamoyo. Rupia na heller zilichukua nafasi ya khete na fundo, vipimo vya shanga, na pambo likaacha kuwa fedha. Ajabu ya wakati huo ni kwamba dhahabu ilikuwa jirani muda wote. Mgodi wa Sekenke upo Iramba, chini ya mteremko unaoutazama uwanda wa Wembere, na mwaka 1916 Wajerumani waliozingirwa walitumia dhahabu yake kupiga sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilikwenda kulipia vita. Wanawake wa huku waliendelea na shaba.

Kilichoingia badala ya shanga ni kitambaa. Waswahili wa Tabora walikuwa na mkaja, haki ya mama wa bibi harusi, anayolipwa na upande wa bwana harusi kwa ajili ya ule mshipi wa nguo aliojifunga tumboni baada ya kuzaa. Desturi hiyo ya pwani ilipanda bara pamoja na Kiswahili na shikamoo, na imekaa vizuri mahali ambapo mahari ni ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wanaingia zizini kwa baba na ukoo, lakini mkaja ni wa mama peke yake. Kisha ikaja khanga yenye maandishi, na hapo zawadi na salamu zikaungana kwenye kitu kimoja. Mtoto asiyejua kusema mbele ya mama yake alinunua doti iliyokwisha kusema. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika kwa khanga za viwanda vya Urafiki na Mwatex, na aliyerudi kijijini na doti moja alipokewa kama mpagazi wa zamani.

Siku ya Mama tunayoiona sasa kwenye simu, Jumapili ya pili ya Mei, ni ya Marekani. Ilianza kwa ibada aliyoiandaa Anna Jarvis huko Grafton, West Virginia, mwaka 1908 kumkumbuka mama yake, na Rais Woodrow Wilson akaifanya ya kitaifa mwaka 1914. Jarvis alitaka kila mtu amwandikie mama yake barua kwa mkono wake. Alipoona wauza maua na kadi wameiteka, alitumia miaka iliyobaki ya maisha yake kuipinga, mpaka alipofariki mwaka 1948. Sina ugomvi na sikukuu hiyo. Lakini kwa Igunga imekaa vibaya kwenye kalenda. Mei mpunga bado uko majarubani au ndio unavunwa, pamba haijauzwa, na mfuko hauna kitu. Kwa babu zetu Mei ilikuwa mwanzo wa msimu wa kuondoka. Zawadi zilikuwa za kurudi.

Nenda mnadani Igunga baada ya mavuno uone. Upande mmoja ng'ombe wanauzwa, upande mwingine khanga zimetandazwa juu ya turubai, na katikati kuna meza za urembo. Wanawake wa Kitaturu wanapita na bangili zao za shaba ya manjano, wakizikagua za muuzaji bila haraka na mara nyingi wakiziacha. Shanga siku hizi nyingi ni za plastiki, ingawa zile ndogo za kioo, zinazotoka Jamhuri ya Czech, bado zinapatikana kwa anayejua kuziuliza. Kijana aliyeuza magunia yake ya mpunga anasimama pale, simu sikioni, akimweleza mama yake rangi zilizopo. Upande wa pili wa simu anaulizwa kama nyekundu ni ile iliyokoza au iliyofifia. Muuzaji anasubiri jibu. Iliyofifia anairudisha chini ya meza, na wiki ijayo haileti.